Uso wa Devotha

Makambako,
Jumatano

Mpendwa dada Yudita,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Linus na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo wao kimeacha. Ludewa najua nako kunapiga baridi, ila ya huku mwaka huu imetia fora. Asubuhi sakitu inalala juu ya majani ya viazi kama mtu kamwaga chumvi, na ukungu hauondoki mpaka watu wameshakunywa chai na kusuuza vikombe. Mimi naendelea vizuri, natembea, nakula. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo ukiona herufi zimelala upande usiogope, ni vidole tu vinachoka.

Utashangaa kuletewa barua na kondakta wakati simu zipo. Sababu ya kwanza ni kwamba mimi na Rejoice sasa tunaishi chumba kimoja hapa nyuma ya duka analoshonea, na kila neno la simu linasikika. Sababu ya pili ni wewe, dada. Nikikupigia utanikatiza kwa hasira kabla sijafika ninapotaka kufika. Nimesikia wewe na baba mdogo Anyisile mnakuja Jumamosi kwenye kikao cha familia, na kwamba baba mdogo ameapa mume wangu apelekwe polisi na mimi nirudishwe nyumbani Makete siku hiyo hiyo. Nakuomba, kabla hamjapanda gari, uisome barua hii mpaka mwisho, kisha umsomee na yeye.

Umekuwa ukinilaumu kwamba tangu masika sipokei simu za picha. Ulidhani nimenuna. Sikununa. Nilikuwa sitaki uone uso niliokuwa nao, nawe utaelewa. Mengine unayajua, mengine umeyapata kwa vipande kutoka kwa Rejoice, lakini ngoja niyapange tangu mwanzo.

Unakumbuka nilivyoolewa Kichiwa. Sadock alikuwa amefiwa na mke wake, Devotha, kwa uvimbe wa tumboni, akabaki na mama yake mzee na binti yake Rejoice. Siwezi kumsingizia. Hakunipiga, hakunitukana, wala hakuninyima chochote. Ila aliongea nami kama mtu anavyoongea na mgeni wa heshima aliyelala kwake njiani. Jioni alishuka kwenye lori lake la mbao, akaniuliza habari za ng'ombe, akala, akakaa sebuleni chini ya picha ya Devotha. Picha yenyewe ni kubwa: mama mnene amevaa sare ya kwaya, uso mviringo kama sahani, mashavu yamejaa hata macho yanakuwa madogo kwa kicheko. Na mimi ni mimi, mwenye uso ambao wewe mwenyewe tukiwa wadogo uliuita uso wa panga. Rejoice naye hakuwa na jina la kuniitia. Akiwa na shida alinifuata mpaka nilipo, akasimama, akasubiri nimtazame.

Ugonjwa ulinianza wakati wa kuvuna viazi. Asubuhi vidole vilikuwa havikunjiki. Nilishindwa kufunga kifungo, nilishindwa kukamua, kikombe nilikishika kwa mikono miwili kama mtoto. Jua likipanda vinalegea, naingia shambani, na kesho yake yale yale. Watu wakasema ni baridi yabisi ya kufulia maji ya mtoni. Wengine wakasema mke wa kwanza hajaridhika. Nilikunywa mizizi, nikakandwa kwa majani ya moto. Masika yalipoingia, magoti nayo yakavimba, na siku moja sikuweza kuinuka kabisa. Hata shuka niliiona nzito kama gunia la mahindi. Sadock alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akanipeleka hospitali Njombe.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Alikagua kiungo kimoja kimoja, akapima damu, akasema ni baridi yabisi kweli, lakini haitokani na maji wala na mtu: mwili wangu umekosea, unajipiga wenyewe kwenye maungio. Akanipa dawa mbili. Moja ya kumeza mara moja kwa wiki, akasema ndiyo dawa yenyewe, ila inachukua muda mrefu kuanza kazi. Ya pili ni prednisolone, vidonge vidogo vyeupe, vya kuzima moto huku tukiisubiri ile ya kwanza. Akatuonya sote wawili, Sadock akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, kwamba vidonge hivyo si vya kuzoea. Vinapunguzwa kidogo kidogo mpaka vinaisha. Ukiving'ang'ania vinakula mifupa na kupandisha sukari. Na mwili ukishavizoea, ukiviacha ghafla unaweza kuanguka ukafa. Mwishoni akasema kama jambo dogo tu kwamba uso wangu utajaa, nisiogope, utarudi kuwa kama zamani.

Dada, hazikupita siku nyingi nikaamka vidole vinakunjika. Nilikaa kitandani nikivikunja na kuvikunjua, huku nalia. Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Usingizi ulinipungua, lakini sikuujali, nilikuwa na nguvu za kufagia uwanja kabla jogoo hawajawika. Sadock aliponikuta nimebeba debe la maji kichwani alicheka kwa sauti, na ndipo nikagundua kwamba sikuwahi kusikia kicheko chake.

Kisha ule uso ukaja.

Wa kwanza kuuona hakuwa mimi. Alikuwa mama mkwe, ambaye macho yake yameshaingia ukungu, anaona umbo la mtu tu. Niliingia jikoni na kuni, akainua kichwa akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene, Devotha. Umechelewa." Nikacheka, nikamwambia mama, ni Idda. Akatikisa kichwa kama mtu anayetaniwa, kisha akasogea kwenye gogo lake ili nami nikae motoni. Tangu niolewe hakuwahi kunisogelea hivyo.

Baadaye nikaja hapa Makambako sokoni. Mama mmoja muuza maharage aliponiona, kopo lilimtoka mkononi, maharage yakatawanyika miguuni pangu. Akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikamwambia Makete, kule kando ya Kitulo. Akanitazama sana, akasema polepole, "Basi Mungu ana mihuri michache." Alikataa kunipimia. Akaniambia nikanunue kwa mwingine.

Siku hiyo nilipofika nyumbani nilichukua kioo nikasimama chini ya ile picha. Mashavu yalikuwa yale. Macho yalikuwa yamedidimia vile vile. Shingo yangu imejaa kwa nyuma kama yake. Nikataka kujaribu kutabasamu kama yeye, na dada, sikuhitaji kujaribu.

Rejoice alikuwa ameshahamia huku mjini kujifunza cherehani, alikuja nyumbani mara chache. Jumapili moja akatokea mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nimeinama napuliza moto, nikainuka. Akasema, "Mama." Akalisema kama mtoto mdogo kabisa, yeye msichana mzima aliyemaliza kidato cha nne. Alipotambua ni nani, alikimbia. Nilimkuta nyuma ya zizi ameegemea ukuta, akaniomba nisimguse. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata tena. Alikaa karibu nami, akimenya viazi. Mara nyingine aliniomba nisimame pale pale mlangoni, nisiseme kitu, kisha anatazama chini na kuendelea kumenya viazi.

Sadock ndiye aliyetoa sanduku la nguo. Akasema ni dhambi magauni yaliwe na nondo wakati mtu yupo. Rejoice aliyachukua ili ayapunguze, maana ndiyo kazi yake, lakini nilipovaa la kwanza, lile la zambarau, lilinikaa. Alizunguka akinikagua, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwake, na hakuitumia. "Hakuna cha kupunguza," alisema. Sadock alikuwa amekaa kwenye kiti. Akainuka akatoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Tangu hapo akaanza kuwahi kurudi. Akaanza kuongea. Dada, yule mtu ana maneno! Alikaa nami akitazama nikila, akiniambia habari za barabarani, za watu waliomdhulumu na waliomsaidia. Na taratibu, bila mimi kujua ni lini hasa, maneno yake yakaanza kuja na "unakumbuka." Unakumbuka lori lilipotukwamia Kitulo, tukashindwa kuendelea, asubuhi tukaona maua pande zote mpaka mwisho wa macho? Sikuwepo. Alikuwa na Devotha. Lakini mimi na wewe tumekua kando ya maua yale, tumeyachuma, tumekula hata mizizi yake. Kwa hiyo nilimjibu kwamba nakumbuka, kwamba yale ya njano ndiyo yalikuwa mengi, na kwamba umande ulitulowanisha mpaka magotini. Akafurahi sana. Akasema, "Ndiyo! Mpaka magotini!" Na mimi nikaona kabisa, dada, naapa, nikaliona lori limeinama kwenye tope na mwanamume kijana anacheka.

Kanisani ndiko kulikonitia hofu ya kweli. Unajua mimi si mwimbaji. Mwalimu wa kwaya kule nyumbani alinitoa nikiwa darasa la tano. Siku moja kwaya ya Kichiwa ilikuwa inaimba, na nikaona wanawake wa benchi la mbele wanageuka mmoja baada ya mwingine. Rejoice aliyekuwa pembeni yangu alinishika mkono. Ndipo nikasikia kwamba kuna mtu anaimba sauti ya pili, chini kidogo, imenyooka haitikisiki. Nilifunga mdomo na sauti ikanyamaza. Daktari baadaye aliniambia vidonge vile vinaweza kuchezea akili ya mtu. Pengine ndivyo. Hakuniambia vinaweza kumfundisha mtu wimbo.

Tulirudi kliniki. Daktari akaridhika na maungio yangu, akaanza kunipunguzia prednisolone hatua kwa hatua. Nilizifuata hatua zote mpaka kidonge cha mwisho, na uso haukurudi. Ulizidi. Mikono ikawa na madoa ya damu chini ya ngozi hata nikigusa mlango tu, tumbo likachanika mistari ya zambarau, kiu haikuisha. Daktari alipopima akakuta sukari imepanda. Aliniuliza mara mbili kama ninatumia dawa nyingine yoyote, ya kienyeji au ya dukani. Mara mbili nikasema hapana. Akamtazama Sadock. Sadock akatazama dirisha.

Sasa nafika kwenye lile unalolijua. Sadock alipakia mbao kwenda Dodoma, na huko giaboksi ikafa. Akakwama. Asubuhi ya kwanza nilijipikia uji mwenyewe. Haikuchukua muda mwili ukaanza kuniacha. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine, tumbo likauma, nikawa natapika hata maji. Nikajikaza kwenda kukamua, nikaanguka kando ya zizi, kwenye tope, na sikuweza kuinua hata shingo. Mama mkwe alinifikia kwa kupapasa. Alikaa chini, akapakata kichwa changu, akanipangusa uso kwa kanga yake. Alikuwa anasema kwa upole kabisa, kama anambembeleza mtoto alale, "Safari hii hatukuziki, Devotha. Safari hii hatukuziki."

Nilitaka kumwambia mimi siye. Mdomo ulikataa. Na nilianza kufikiri, dada, kwamba huenda mimi ndiye.

Rejoice alitukuta hivyo. Ilikuwa bahati tu, alikuwa amekuja kuchukua viazi. Alipata gari, akanileta hospitali hapa Makambako. Nilikuwa nasikia kila kitu kama mtu aliye chini ya kisima. Nilisikia nesi akiuliza jina la mgonjwa. Nesi akauliza tena, jina la mgonjwa nani? Nikasubiri na mimi. Nilikuwa nataka kujua.

"Idda," alisema Rejoice. "Ni mama yangu. Anaitwa Idda."

Kisha, daktari alipouliza ninatumia dawa gani, yule binti akasema bila kulia, "Baba anaponda vidonge vyeupe kwa kijiko, anavitia kwenye uji wa mama asubuhi. Nilimwona. Sikumwambia mtu." Nikachomwa sindano, nikatundikiwa maji. Walieleza baadaye kwamba kuna tezi juu ya figo ambazo hutengeneza zenyewe kitu kinachofanana na dawa ile. Dawa ilikuwa imezifanyia kazi muda mrefu mno, zikalala. Dawa ilipokatika ghafla hapakuwa na wa kuamka.

Rejoice aliniomba msamaha akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Aliniambia kwamba siku aliyomkuta baba yake mezani na kijiko, baba yake hakushtuka wala hakuficha. Alisema tu, "Mwache akae kidogo." Na Rejoice hakuuliza amwache nani. Alijua. Aliondoka akaenda kukaa nami mlangoni.

Baada ya hapo habari zikatawanyika. Wazee wa usharika wamemsimamisha Sadock. Wapo wanaomwita mchawi, wapo wanaosema alinitilia sumu ili aoe wa tatu. Yeye hajajitetea hata kwa neno. Alikiri vidonge alivinunua mwenyewe dukani kwa kuonyesha karatasi ya zamani ya daktari, basi. Na ninyi mkapata hasira, na ni haki yenu, maana mtoto wenu alikaribia kufa kwa uji.

Lakini dada Yudita, nilijua.

Nilimwona kabla Rejoice hajamwona. Asubuhi moja, maparachichi yakiwa yanachumwa, niliamka mapema kuliko alivyozoea, nikafika mlango wa jikoni bila viatu. Alikuwa amenipa mgongo. Nilisikia sauti ya kijiko kikisaga juu ya kisahani, nikauona ule unga mweupe akiukusanya kwa kidole, taratibu, kama mtu anayekusanya majivu ya thamani. Akautia kwenye kikombe changu, akakoroga, akaongeza sukari na limau kuzima uchungu. Nilirudi kitandani nikajifunika. Alipoingia na kikombe, akakaa pembeni yangu, akanisubiri. Nilikunywa. Kesho yake nilikunywa. Nilikunywa asubuhi zote zile. Daktari aliponiuliza mara mbili, nilikuwa tayari najua, na sikusema hapana kwa kutishwa na mtu. Nilisema kwa sababu Sadock alipokuwa akisubiri nimalize kikombe, alikuwa akinitazama, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo katika maisha yangu. Nilijua hanitazami mimi. Nilikubali.

Hospitali, Rejoice aliposema mbele ya daktari, nililia, na wote wakafikiri ninalia kwa kusalitiwa. Wakanihurumia. Niliichukua huruma ile nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kumemfanya Sadock abebe peke yake.

Nimeshamwambia. Alikuja hapa dukani wiki iliyopita, mchana, akasimama nje kama mteja. Nikamwambia aingie. Nikamwambia nilijua.

"Tangu lini?"

"Tangu maparachichi."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akatazama mikono yake. "Na ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Ungekufa, Idda."

"Ningekufa."

Alivua kofia yake. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa wawili tunaomzuia." Akafunika uso kwa kofia yake na kulia, na mimi nikalia, na nadhani tulikuwa tunamlilia Devotha, mimi ambaye sikumjua. Alipotulia aliniomba nisiwaambie ninyi. Alisema yeye ana mgongo wa kubebea, mimi bado mgonjwa. Nimekataa. Jumamosi nitasimama mwenyewe kwenye kikao niseme nilivyosema hapa. Alichofanya ni kibaya, na alikifanya akijua daktari alituonya nini. Sitakiita kwa jina jingine. Lakini hakuna polisi atakayempeleka yeye akaniacha mimi. Kama nitarudi Kichiwa au nitabaki na Rejoice, sijui bado, na nawaomba msiniamulie. Kabla hajaondoka siku ile aliniuliza ninapenda kula nini. Miaka yote tuliyokaa pamoja hakuwahi kuniuliza. Nikakuta na mimi inabidi nifikirie.

Daktari wa Njombe naye nimemwambia kweli yote. Hakunigombeza. Amenirudisha kwenye prednisolone kidogo, na tunaipunguza polepole sana safari hii ili zile tezi ziamke. Ile dawa ya wiki imeanza kazi yake. Asubuhi za baridi viganja vinaniuma, ila ni maumivu ninayoweza kuyabeba. Sukari inashuka. Uso nao unashuka. Mifupa ya mashavu imeanza kutokeza, ile ile ya panga. Rejoice ananiita mama, hata sasa ambapo sifanani na mtu.

Neno la mwisho, dada, na hili sijamwambia hata Rejoice. Juzi nilikwenda Kichiwa kuchukua nguo zangu. Sadock alikuwa safarini na mbao. Mama mkwe alikuwa jikoni pale pale, na jirani anayemtazama alikuwa ametoka kuchota maji. Nikasimama mlangoni nikamsalimu. Aliinua macho yake yale ya ukungu, akanichunguza tangu kichwani.

"Kamwene, mgeni," alisema. "Umemkosa Devotha. Ametoka sasa hivi tu. Mmepishana hapo mlangoni."

Niligeuka kutazama. Uwanja ulikuwa mtupu, ukungu umesimama mpaka kwenye miti ya miwati. Sikuona mtu. Lakini nilijisogeza pembeni ya mlango, dada, nikaacha nafasi ya mtu kupita, na sikuingia mpaka nilipoona muda umetosha yeye kufika barabarani.

Basi na mimi nikomee hapa, mkono umechoka. Nisalimie shemeji Linus, wabusu watoto, na mwambie baba mdogo Anyisile namwamkia kwa magoti yote mawili, maana sasa yanakunjika. Njooni na nguo nzito, na njooni mkiwa wapole. Mungu awalete salama.

Mdogo wako akupendaye,
Idda